Shotigani yako inalia "tak" halafu kimya? Namna ya kuzuia isigome porini

Maswali yamekuwa yale yale kila watu wakianza kujiandaa na kuwinda. "Mkuu, mbona yangu inalia tak halafu hamna kitu?" "Hizi risasi nimeuziwa feki?" "Nimeimwagia oili ya kutosha na bado inagoma, shida nini?" Sasa badala ya kumjibu kila mtu peke yake nimeona bora niandike yote hapa, kwa ajili ya wewe unayeanza na shotigani ya kujipakia yenyewe, zile tunaita semi-otomatiki, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) hasa kwa sababu ndo wengi mnauliza.

Na niseme mapema, risasi inasingiziwa sana. Mtu akigomewa mara moja tu kesho yake anatafuta boksi jingine, kumbe mwenye kosa ni oili iliyoganda ndani ya bolti (kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kufunga nyuma ya risasi), au chemba (pale risasi inapokaa mwanzoni mwa mtutu) ina kutu, au bolti haikufunga vizuri. Na ushahidi anao mkononi, ila kautupa! Ile fataki, kile kiduara cha katikati kwenye kitako cha risasi pale pini inapogonga, ndo inakwambia nani kakosea. Isome kwanza kabla hujafungua hata skrubu moja, huko mbele nitaeleza inasomwaje.

Suala la sheria, kwa kifupi. Hii ni kwa mtu mwenye leseni yake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ya kumiliki sio kibali cha kuwinda, hicho ni habari nyingine na wahusika ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na sio kila silaha unayoimiliki kihalali unaruhusiwa kuwindia. Kwa hizi za kujipakia nenda kaulize mapema kabisa ukiwa na karatasi zako, mambo ya "kuna jamaa aliniambia inaruhusiwa" waachie wenyewe. Na chochote kinachohitaji kubadilishwa, springi, pini, vitu vya ndani ya triga, hiyo ni kazi ya fundi silaha mwenye leseni, sio ya fundi chuma wa mtaa wa Gerezani, Dar, hata kama anachonga chuma vizuri namna gani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitabu cha maelekezo cha bunduki yako. Kama kimepotea tafuta cha modeli ile ile, wengi wenye viwanda wanakiweka bure mtandaoni.
- Fimbo ya kusafishia mtutu na brashi ya shaba ya geji 12, pamoja na brashi ya chemba ambayo ni nene kidogo kuliko ile ya mtutu. Hii ya pili watu hawanunui na ndo ya muhimu zaidi.
- Mswaki wa zamani, pamba za masikio, fulana kuukuu isiyotoa nyuzi nyuzi.
- Dawa ya kusafishia silaha. Ukikosa, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa yanatoa oili iliyoganda, ila yafute yote yaishe.
- Oili nyepesi ya silaha. Mafuta ya cherehani safi yanaweza kukusogeza, Kariakoo yapo tele. Mafuta ya kupikia HAPANA, ya nazi HAPANA, yanaganda yanakuwa kama gundi. Na ile spreya ya kulegezea nati zilizokamata ni ya kufukuzia maji, usiifanye ndo oili yako ya kila siku, inaacha utando.
- Risasi bandia mbili au tatu za mazoezi, zisizo na baruti wala fataki ya kweli.
- Simu, kwa ajili ya picha. Utaniombea dua baadaye.

Kazi yenyewe

1. Toa risasi zote, halafu hakikisha tena

Elekeza mtutu sehemu salama, toa magazini au zitoe risasi moja moja kwenye bomba, vuta bolti nyuma uifungie huko huko, kisha angalia chemba kwa macho NA ingiza kidole. Bomba la magazini nalo angalia kwenye mdomo wake, risasi inaweza kuwa imekwama mle ndani na springi yake, unadhani umemaliza kumbe imebaki moja. Risasi za kweli zipeleke chumba kingine kabisa. Watoto na wageni watoke.

2. Jua yako inaendeshwa na nini

Nadharia ni hii tu, sitakuchosha. Kuna za gesi, mfano Beretta A300 na A400 au Remington 1100, hizi zinachukua gesi kidogo kupitia vitundu kwenye mtutu, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma bolti. Na kuna za inesha, mfano Benelli M2 au Franchi Affinity, hizi hazina gesi, zinatumia ule mrudisho wa bunduki yenyewe begani na springi iliyoko ndani ya bolti. Kuna na zile za kizamani kama Browning Auto-5 ambazo mtutu mzima unarudi nyuma, kama umerithi ya babu basi ile mipete iliyozunguka bomba chini ya mtutu usiipange kwa kubahatisha, mpangilio wake unabadilika kufuatana na risasi nyepesi au nzito.

Kwanini ujue? Kwa sababu ya gesi inachafuka haraka, masizi yanajaa kwenye pistoni. Ya inesha haichafuki sana lakini ina ugonjwa wake mmoja mkubwa, bolti kutofunga hadi mwisho, na huo ndo unaleta "tak" nyingi mnazonilalamikia.

3. Fungua kwa hatua, piga picha kila hatua

Toa kofia ya mbele, toa mtutu, toa mkono wa kukokia, toa bolti. Panga vitu kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio ulivyovitoa. Vile vipini vidogo ndani ya bolti ndo vinaruka chini ya kochi mtu akizubaa, na kuna kimoja kwenye bolti zinazozunguka kichwa, ni kinene kifupi, hicho kikikosekana au kikiingia vibaya bolti haifungi inavyotakiwa na hapo bunduki ni HATARI sio mbovu tu. Ukikuta umemaliza kufunga na kuna kitu kimebaki mezani, usijipe moyo. Fungua tena.

Lile kundi la triga unalitoa kwa kipini kimoja au viwili kwa modeli nyingi, lipige mswaki, lipulize, ishia hapo. Usianze kutenganisha springi na nyundo (ile inayoipiga pini).

4. Chemba, hapa usiwe na haraka

Sisi tunaishi na bahari. Kama uko Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, hewa ina chumvi, na chemba ambayo haijapakwa chromu inashika kutu nyembamba usiyoiona kwa taa ya chumbani, washa tochi ya simu. Juu ya hiyo kutu yanakuja masalia ya plastiki kutoka kwenye maganda. Matokeo yake risasi inaingia lakini inabaki milimita kidogo nje, bolti inafika inagota, haifungi.

Paka dawa kwenye brashi ya chemba, zungusha (usisukume tu mbele nyuma, ZUNGUSHA), acha dakika kumi, zungusha tena, futa kwa kitambaa mpaka kitoke cheupe. Kisha dondosha risasi bandia kwenye chemba mtutu ukiwa mezani, iingie kwa uzito wake wenyewe na itoke kwa kugeuza. Ikikwama kwako wewe mwenye mikono miwili, bolti nayo itakwama.

Usipige msasa. Kuna watu wanafunga msasa kwenye drili wanaingiza kwenye chemba, wanaharibu kipimo na hakirudi tena. Na vitundu vya gesi visitoboliwe kuongezwa ukubwa, vinasafishwa tu kwa kitu laini.

Hapo hapo chungulia mtutu mzima upande hadi upande. Nyigu wa udongo wanapenda sana kujenga mle kama bunduki imekaa muda mrefu, na udongo kwenye mtutu ni mtutu kupasuka.

5. Bolti na pini, pakavu

Hii ndo hatua ambayo ukiiruka utarudi kuniuliza. Pini inasafiri kwenye kijitundu ndani ya bolti, ukijaza oili mle, oili inashika vumbi na masizi, inakuwa tope, pini inafika kwenye fataki ikiwa imechoka. Inagonga lakini inagonga kwa upole, na fataki haitaki upole.

Toa pini kama kitabu kinavyoelekeza, ioshe, isugue tundu lake kwa pamba za masikio zenye dawa mpaka zitoke safi, kausha. Angalia ncha ya pini, iwe ya mviringo na laini, sio imevunjika wala kuchongoka. Angalia na springi yake ndogo ya kurudishia. Pini ikibaki imetokeza mbele, bunduki inaweza kulipuka bolti inapofunga tu bila mtu kugusa triga, kwa hiyo hapo hamna kujaribu jaribu, kwa fundi.

Rudisha pini ikiwa kavu. Ukiona roho inakuuma sana paka kwa kidole chenye oili halafu futa, hiyo inatosha kabisa.

Kucha inayovuta ganda nayo isugue chini yake kwa mswaki, uchafu ukijaa pale kucha haikamati vizuri.

6. Pistoni, springi, na lile bomba ndani ya kitako

Za gesi: loweka pistoni kwenye dawa, sugua masizi, futa na bomba la magazini kwa nje. Ziache karibu kavu, oili nyingi pale inaungua inageuka kuwa ngozi nyeusi.

Za inesha, na za gesi baadhi pia: kuna springi ndefu inayorudisha bolti mbele. Kwa nyingine iko ndani ya kitako (Benelli M2 iko huko), kwa nyingine imezunguka bomba la magazini (Franchi Affinity). Ile ya kwenye kitako inasahaulika miaka na miaka, maji ya mvua na oili vinashuka huko, kutu inaanza, bolti inakuwa inarudi kwa uvivu. Ukiwa na spana yake na kitabu chake fungua, la sivyo lipia fundi, sio kazi kubwa. Sababu moja ya huko kuchafuka ni kuihifadhi imesimama mdomo juu imejaa oili, oili yote inatiririka kwenye triga na kitako. Mdomo ukiangalia chini ni afadhali zaidi, chini weka kitambaa.

7. Oili, tone sio kikombe

Pale chuma kinaposuguana na chuma: mifereji inayotelezea bolti, tone moja kila upande, kichwa cha bolti kinapozunguka tone moja, nje ya mtutu utando mwembamba wa kuzuia kutu. Basi. Ukiishika bunduki ikakuachia mafuta kiganjani, umezidisha, futa. Unakoenda ni barabara ya vumbi, masaa kwenye gari, na kila tone lililozidi linabeba vumbi lake.

8. Kagua risasi moja moja

Yes, moja moja. Angalia urefu kwanza: mtutu umeandikwa 70 au 76 (nyingine 89), ni milimita, au kwa inchi 2¾, 3, 3½. Risasi ya 76 INAINGIA kwenye chemba ya 70 kwa sababu kile kipimo ni cha ganda likiwa limeshafunguka, lakini ukipiga presha inapanda hatari. Kuingia sio kukubaliwa. Halafu kama nyumbani kuna na bunduki ya geji 20, risasi zake zisikae mfuko mmoja na za 12 hata kwa bahati mbaya, ya 20 inateleza inapita chemba inakwama mbele kwenye mtutu, wewe unaona chemba tupu unaweka ya 12 nyuma yake, na ukipiga mtutu unapasuka mkononi mwako. Ndo maana geji 20 kwa kawaida zinatengenezwa za njano.

Zilizovimba, zenye kutu ya kijani au nyeusi kwenye kitako, zenye fataki iliyozama ndani au iliyotokeza, zenye mdomo uliolegea, zote pembeni. Zile zilizokaa kwenye dashbodi ya gari juani, au zilizonyeshewa masika, zisiende porini.

Uzito wa marisau (vile vidonge vya ndani ya ganda) nao una lake. Gramu 28 kwenye bunduki mpya yenye springi ngumu mara nyingi hazina nguvu ya kuendesha bolti mpaka mwisho, bolti inarudi nusu, haibebi risasi inayofuata, wewe unavuta triga inalia tak kwenye chemba TUPU halafu unasema risasi imegoma. Anza na za 32 au 36 mpaka bunduki izoee, ila soma kitabu chako kinataka kuanzia ngapi.

9. Funga, jaribu kwa risasi bandia

Sefti (kile kitufe cha kuzuia triga) ikiwa imewekwa, triga isidondoshe nyundo. Toa sefti, vuta, nyundo idondoke juu ya risasi bandia. Endelea kushikilia triga, vuta bolti nyuma uiachie, sasa achia triga polepole usikie inajirudi, vuta tena, idondoke tena. Baada ya hapo pitisha risasi bandia zote kutoka kwenye magazini kwa mkono. Majaribio ya risasi za kweli yafanyike kwenye uwanja wa shabaha, nyumbani hata moja usiingize "kuona tu kama inaingia".

10. Porini, iachie bolti ijipigie

Wenye inesha nisikilizeni hapa. Unapoingiza risasi ya kwanza usiisindikize bolti na mkono ili isipige kelele kwa kuogopa kanga wataruka. Iachie. Ipige. Ikisindikizwa kichwa cha bolti hakizunguki hadi mwisho, nje inaonekana imefunga, ukivuta triga ile nguvu ya nyundo inaishia kuimalizia bolti kufunga badala ya kugonga fataki. Tak. Na hata kama ulifunga vizuri, ukipita kichakani tawi likavuta mkono wa kukokia, au ukaigonga chini kitako, inaweza kufunguka kidogo, kwa hiyo kila ukisimama sukuma ule mkono mbele kwa kidole, mdomo wa bunduki ukiwa salama. Kwenye gari bunduki inapanda ikiwa tupu, hili halina mjadala.

Ikigoma, unafanyaje

Usiishushe, usichungulie. Mtutu ubaki umeelekea kule kule salama, hesabu sekunde 30 kamili, kwa sababu kuna risasi inayochelewa kulipuka. Kisha toa kidole kwenye triga, fungua bolti ukiwa hujaweka uso karibu, itoe risasi. Kama ililia "puf" ya chini isiyo ya kawaida, ACHA KABISA, toa zote, chungulia mtutu kama kuna kizibo cha plastiki kimekwama. Kupiga nyingine nyuma yake ndo vidole vinaenda.

Sasa okota ile risasi, usome fataki.

Hamna alama kabisa: pini haikufika. Bolti haikufunga, au pini imevunjika, au hiyo risasi haikuwepo chemba, imeingia baada ya wewe kuvuta bolti. Anza na hatua ya 10 na ya 4.

Alama ndogo ya juu juu: pini imefika imechoka. Tope kwenye tundu la pini (hatua ya 5), bolti kutofunga vizuri, na kama vyote ni safi basi springi ya nyundo imelegea, mpelekee fundi. Hii ndo alama inayoonekana zaidi ya zote na ndo watu wanailaumu risasi.

Alama nzito, katikati, kama ya zilizolipuka: hapo sawa, laumu risasi. Unyevu au fataki mbovu. Kama ni mbili tatu za boksi moja, boksi zima liweke pembeni. Usiirudishe hiyo hiyo kujaribu mara ya pili.

Alama imekaa pembeni: fundi.

Mengine yanayoulizwa

Triga imelegea, hata tak hamna. Angalia sefti kwanza, usicheke, halafu angalia bolti kama imefunga maana bunduki nyingi zinakataa kudondosha nyundo bolti ikiwa wazi.

Inapiga moja, ya pili haiingii. Za gesi safisha pistoni na vitundu. Za inesha angalia unavyoishika, kitako kikiegemea mti au siti ya gari bunduki haina nafasi ya kurudi nyuma na bila kurudi haijipakii. Ukiwa umeifungia matochi na vibeba risasi, vitoe ujaribu tena.

Dar inafanya kazi vizuri, Mufindi asubuhi inagoma. Baridi imeifanya oili iwe nzito. Futa yote, paka kidogo sana ya nyepesi.

Naitoa chumba cha AC inatoka jasho. Ndo unyevu wa Dar huo, unaganda juu ya chuma baridi, na ndani ya bolti pia japo huoni. Iache nusu saa ifikie joto la nje, ifute, ndo uiweke kwenye mfuko. Na huo mfuko wa kitambaa sio wa kuhifadhia, unanyonya maji. Kwenye sefu weka vile vipakiti vya kuzuia unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vibadilishe mara kwa mara hasa Machi mpaka Mei.

Zile risasi zilizogoma nizifanyeje? Sio kwenye pipa la taka, wanaochoma taka watakuja kuumia, na usizikate kutoa marisau. Ziweke peke yake kwenye kopo lenye maandishi, nje ya sefu ya risasi nzima, uzipeleke kituo cha polisi pamoja na kitabu chako cha leseni.